Nitrati, fosfati na maji yenye ukungu: mwongozo kwa mwenye tangi la samaki na matumbawe la maji ya chumvi

Maswali ni yaleyale kila mara. Maji yamekuwa meupe kama maziwa, nifanyeje? Nitrati imefika 60 mg/L, nibadilishe maji yote? Mwani umefunika mawe na dawa nimeshatia, mbona unarudi? Kwa kawaida anayeuliza ana tangi lisilotimiza mwaka, na ndani ya wiki hiyohiyo ameshapunguza chakula, ametia dawa, amesugua mawe na kubadilisha nusu ya maji. Hapo hata mzoefu hawezi kumwambia kipi kilisaidia na kipi kilidhuru. Fuata hatua zifuatazo kwa mpangilio wake, jambo moja kwa wakati mmoja, na kila badiliko ulipe walau wiki moja kabla ya kuligusa tena.

Kwanza tenganisha mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Maji maangavu si lazima yawe masafi: tangi linaweza kupendeza machoni huku nitrati ikiwa 80. Na maji yenye ukungu yanaweza kuwa na vipimo vizuri kabisa. Kwa hiyo ukiona ukungu usikimbilie dawa ya nitrati, na ukiona uangavu usiache kupima.

Viwango vya kulenga

Amonia na nitriti (sumu zinazotokana na taka, kabla bakteria hawajazigeuza nitrati) ziwe sifuri, iwe tangi la samaki pekee au la matumbawe. Kama hazijafika sifuri, tangi lako bado halijakomaa, yaani bakteria wake hawajatosha (huchukua kama wiki nne hadi sita, pengine zaidi) au kuna kitu kimekufa ndani. Shughulikia hilo kwanza.

Nitrati kwenye tangi la matumbawe iwe kati ya 2 na 10 mg/L. Matumbawe laini huvumilia hata 20. Tangi la samaki pekee liwe chini ya 40, na mimi napendelea chini ya 20 kwa sababu mwani hupungua. Fosfati kwenye tangi la matumbawe iwe kati ya 0.03 na 0.1 mg/L.

Tafadhali usitafute sifuri kwenye nitrati na fosfati. Matumbawe nayo yanahitaji virutubisho hivi. Yakivikosa hupauka na kusinyaa, na nafasi yake huchukuliwa na viumbe vibaya kuliko mwani wa kijani. Nitalirudia hili mwishoni kwa sababu ndilo linaloua matangi ya watu wenye bidii.

Vitu vya kuwa navyo

- Vifaa vya kupimia nitrati, fosfati, amonia na alkalini (uwezo wa maji kuzuia asidi). Cha fosfati kiwe kinachosoma viwango vya chini. Kile cha kadi ambacho rangi yake ya kwanza baada ya sifuri ni 0.25 hakikufai kwa matumbawe.
- Refraktomita ya kupimia chumvi, pamoja na maji maalumu ya 35 ppt (gramu 35 za chumvi kwa kilo ya maji) ya kuirekebishia. Kuirekebisha kwa maji matamu pekee hakutoshi.
- Maji yaliyochujwa kwa mtambo wa RO/DI (utando mwembamba, kisha kichujio cha DI kinachoondoa madini yaliyobaki), na kipima TDS (jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini).
- Chumvi ya matangi ya matumbawe. Chumvi ya mezani haifai.
- Ndoo mbili au zaidi zisizowahi kutiwa sabuni, pampu ndogo na hita ya akiba.
- Mpira wa kunyonyea maji na taka, na bomba la mpira la kupulizia mawe.
- Mifuko ya kuchujia au pamba ya kuchujia.
- Skima ya protini (kifaa kinachotoa taka kwa povu), mkaa amilifu wa punje, na punje za oksidi ya chuma kwa ajili ya fosfati. Hizi punje usizifungue mpaka ufike hatua ya 8.
- Daftari. Simu pia inafaa, ilimradi uandike kweli.

Hatua ya 1: Pima, kisha andika

Pima siku ileile ya wiki, saa ileile, kabla ya kulisha. Andika tarehe, kipimo na ulichofanya tangu mara ya mwisho.

Makosa mengi ya nitrati huzaliwa kwenye chupa ya kipimo. Kemikali ya baadhi ya vifaa hutuama chini, na usipoitikisa vya kutosha utasoma 5 wakati ukweli ni 40. Kama maelekezo yanasema tikisa sekunde 30, shika saa na uhesabu sekunde 30. Suuza kichupa kwa maji ya tangi kabla ya kupima, kifute kwa nje, na usome rangi kwenye mwanga wa mchana, kwa sababu taa ya buluu ya tangi itakudanganya.

Angalia pia kipimo chako kinasoma nini. Baadhi husoma nitrojeni ya nitrati badala ya nitrati yenyewe. Zidisha kwa 4.43. Vipimo vingine vya kidijitali husoma fosforasi kwa sehemu kwa bilioni. Zidisha kwa 3.066 kisha gawanya kwa 1,000. Watu huona 20 kwenye kioo cha kipimo wakashtuka, kumbe hiyo ni fosfati ya kama 0.06 tu, kiwango kizuri kabisa.

Onyo: kwenye tangi jipya lenye nitriti, kipimo cha nitrati mara nyingi hupanda uongo. Subiri nitriti ifike sifuri kabla ya kukiamini.

Hatua ya 2: Pima maji unayoyaingiza

Hatua hii hurukwa na karibu kila mtu. Pima nitrati na fosfati za maji yako matupu, kisha pima tena baada ya kuyachanganya na chumvi. Ukikuta nitrati 10 kwenye ndoo, kila unapobadilisha maji unaongeza tatizo. TDS ya maji ya RO/DI iwe 0. Ikianza kupanda, badilisha kichujio cha DI mara moja. Maji ya bomba moja kwa moja yanaweza kubeba klorini, fosfati na silika, na silika huchochea ile vumbi ya kahawia kwenye mchanga.

Maji yanayopungua kwa kukauka yajazie kwa maji matamu ya RO/DI. Chumvi haikauki pamoja na maji, kwa hiyo ukijazia maji ya chumvi utapandisha chumvi siku hadi siku.

Hatua ya 3: Kagua chakula

Karibu nitrati na fosfati yote iliyo kwenye tangi iliingia kama chakula. Lakini jibu si kuwanyima samaki. Samaki mwenye tumbo lililobonyea anakwambia umevuka mpaka, na jamii kama anthias huhitaji kula kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku.

Punguza kinachopotea. Zima pampu ya kurudisha maji (inayoyapandisha kutoka tangi la chini lenye vichujio) kwa dakika chache wakati wa kulisha ili chakula kisikimbilie kwenye mfuko wa kuchujia. Lisha kiasi kinacholiwa ndani ya dakika mbili. Chakula kilichogandishwa kiyeyushe kwenye kikombe cha maji ya tangi, kimwage kwenye kichujio chenye matundu madogo, na yale maji machafu yamwage nje. Kisha washa pampu. Pampu iliyosahaulika usiku mzima inaweza kuua kuliko nitrati yoyote, basi tega kengele kwenye simu.

Hatua ya 4: Toa taka kabla hazijaoza

Mfuko wa kuchujia hauondoi taka kwenye tangi mpaka wewe uutoe. Taka zilizonaswa ndani yake bado ziko majini na zinaendelea kuoza. Ubadilishe kila siku tatu au nne. Ukiuosha kwa klorini, uloweke na uukaushe mpaka harufu yote iishe.

Mara moja kwa wiki chukua bomba la kupulizia, elekeza mdomo wake kwenye nyufa za mawe na ubonyeze kwa nguvu. Mara ya kwanza utaona wingu la kahawia likitoka sehemu ambayo ulidhani ni safi. Acha pampu zilibebe hadi kwenye mfuko, na baada ya saa chache toa mfuko huo. Usipige moja kwa moja kwenye nyama ya matumbawe.

Mchanga unyonye kipande kwa kipande, robo ya sakafu kwa wiki. Mchanga mnene wa zamani ambao haujaguswa kwa miaka usiuvuruge wote kwa siku moja. Chini yake kunaweza kuwa na gesi ya salfaidi, ile yenye harufu ya mayai viza, na ni sumu kwa samaki. Na usianzishe mpira wa kunyonya kwa mdomo. Baadhi ya matumbawe ya jamii ya Palythoa yana sumu kali sana. Kwa sababu hiyohiyo, ukisugua mawe yenye viumbe hao vaa glavu na miwani, na mawe hayo usiyachemshe kamwe.

Hatua ya 5: Badilisha maji kwa hesabu

Tuseme una lita 200 za maji halisi. (Toa nafasi ya mawe na mchanga, tangi la lita 240 mara nyingi halibebi zaidi ya hapo.) Nitrati ni 50. Ukibadilisha asilimia 20, yaani lita 40, nitrati inashuka hadi 40, basi. Ukibadilisha tena 20, inakuwa 32, kisha karibu 26, kisha karibu 20. Ni mara nne, na hapo tumefanya kana kwamba hakuna kinachoongezeka katikati.

Lakini kinaongezeka. Kama tangi lako linazalisha nitrati 5 kila wiki nawe unabadilisha asilimia 10 kila wiki, hesabu inatulia kwenye 50 kabla ya kubadilisha na 45 baada yake, na itabaki hapo hata ukiendelea miaka. Kwa asilimia 20 inatulia kwenye 25 na 20. Ndiyo maana mtu anasema "nabadilisha maji kila wiki lakini haishuki". Hakosei kubadilisha, kinachoingia kinalingana na kinachotoka. Lazima apunguze ile 5 kwa hatua ya 3 na ya 4, au apate njia nyingine ya kutoa.

Namna ya kubadilisha:

1. Siku moja kabla, jaza ndoo kwa maji ya RO/DI, washa pampu na hita, kisha mimina chumvi taratibu huku maji yakizunguka. Tia chumvi kwenye maji. Ukimimina maji juu ya rundo la chumvi, sehemu ya kalsiamu itaganda na kuwa unga mweupe usioyeyuka tena.
2. Subiri mpaka maji yawe maangavu. Pima chumvi: uzito linganishi 1.025 hadi 1.026, yaani 35 ppt. Joto lifanane na la tangi.
3. Chomoa hita ya tangi kwenye umeme kabla ya kutoa maji. Hita inayowaka ikikaa hewani kioo chake hupasuka.
4. Nyonya maji pamoja na taka, kisha rudisha maji mapya polepole.
5. Washa vyote, na hakikisha kwa macho kwamba pampu zinasukuma.

Nitrati ikiwa juu sana, mathalani 100, usiishushe kwa siku moja. Matumbawe yamezoea hapo. Asilimia 15 hadi 20, mara mbili kwa wiki, itakufikisha bila mshtuko.

Hatua ya 6: Rekebisha skima

Skima hubeba taka zilizoyeyuka kwa viputo vidogo kabla hazijageuka nitrati. Rekebisha kikombe chake ili kikusanye maji ya rangi ya chai nzito. Kama ni meupe na mengi, shusha kiwango cha maji ndani ya skima. Kama shingo ina matope makavu tu, kipandishe kidogo. Shingo isuguliwe kila baada ya siku mbili tatu, maana mafuta yakiganda pale povu halipandi. Skima mpya huweza kuchukua wiki moja au mbili kabla ya kufanya kazi vizuri. Usiikorogee korogee.

Hatua ya 7: Mkaa amilifu kwa maji ya njano

Njano huingia polepole na jicho huizoea. Jaza ndoo nyeupe maji ya tangi, na nyingine nyeupe maji mapya ya chumvi, uziweke sambamba kwenye mwanga wa mchana. Tofauti utaiona papo hapo.

Suuza mkaa kwa maji ya RO/DI mpaka vumbi jeusi liishe, uweke kwenye mfuko mahali maji yanapopita, na uutupe baada ya wiki tatu hadi nne. Anza na nusu ya kipimo kwenye tangi la matumbawe, kwa kuwa maji yakiwa maangavu ghafla, mwanga unaopenya huongezeka na matumbawe huweza kuungua. Mkaa hauondoi nitrati wala fosfati, usiulaumu kwa hilo.

Hatua ya 8: Fosfati

Fosfati ina tabia tofauti na nitrati. Inajishika kwenye mawe na mchanga wa kalsiamu kabonati. Unabadilisha maji, inashuka. Baada ya siku mbili imerudi, kwa sababu mawe yameitema. Kipimo chako hakina kasoro, na wala hujazidisha chakula. Ghala ni mawe, na litaisha taratibu.

Hapa ndipo punje za oksidi ya chuma zinafaa. Zisuuze mpaka maji yasiwe na rangi ya kutu. Anza na robo ya kiasi kilichoandikwa kwenye kopo. Pima kila siku mbili au tatu. Kama unatumia chombo cha kuzungushia, punje zicheze kidogo tu juu. Zikisukwa kwa nguvu zinasagana na unga wake unaingia tangini. Fosfati ya maji yanayotoka kwenye chombo ikilingana na ya maji yanayoingia, punje zimekwisha kazi, badilisha.

Onyo kubwa: kuporomosha fosfati kutoka 0.5 hadi 0.02 kwa siku tatu kunaweza kuua matumbawe ambayo 0.5 yenyewe haikuyaua. Ipe wiki kadhaa. Pima na alkalini katika kipindi hiki, maana nayo huweza kushuka.

Hatua ya 9: Nitrati ikikataa kushuka

Ukikamilisha yote hayo na bado inapanda, chagua njia moja kati ya hizi mbili.

Ya kwanza ndiyo ninayoipendekeza kwa anayeanza: panda mwani wa Chaetomorpha kwenye sehemu ya pembeni au tangi la chini, uuwekee taa yake, na uvune theluthi moja kila unapojaa. Virutubisho hutoka pale unapouvuna. Ukiuacha ukafa ndani, unarudisha kila kitu. Washa taa yake usiku wakati taa kuu imezimwa, na pH (kiwango cha asidi) haitayumba sana.

Ya pili ni kulisha bakteria kwa siki nyeupe ya asilimia 5. Bakteria huongezeka, hutumia nitrati na fosfati, kisha skima huwatoa. Bila skima nzuri usiguse njia hii. Anza na mililita 1 kwa lita 100 kwa siku, ongeza kidogo kila wiki huku ukipima, na maji yakianza ukungu, acha mara moja.

Matatizo na namna ya kuyatatua

*Ukungu mweupe, hujui ni nini.* Chota glasi ya maji ya tangi na uiache imetulia usiku kucha. Asubuhi kama kuna unga chini na juu kuko wazi, ni vumbi la mchanga au chokaa: weka pamba safi ya kuchujia, usubiri. Kama glasi nzima bado ina ukungu, ni bakteria: elekeza pampu juu ili uso wa maji utikisike, acha skima ifanye kazi, punguza chakula, na tafuta samaki au konokono aliyekufa. Mara nyingi huisha ndani ya siku chache. Kama maji ya glasi yamekuwa maangavu ndani ya dakika moja tu, ulichoona ni viputo vya hewa. Kagua kiwango cha maji kwenye tangi la chini na viungo vya mabomba.

*Maji yamekuwa meupe ghafla baada ya kutia kalsiamu au dawa ya alkalini.* Imeganda kuwa chokaa. Usiongeze chochote. Yataangaza, kwa kawaida ndani ya siku moja au mbili; kisha pima upya. Siku nyingine tia hizo mbili kwa saa tofauti na mahali penye mkondo.

*Samaki wanahema juu ya maji.* Hewa imepungua, hasa usiku wakati wa ukungu wa bakteria. Usisubiri kipimo. Weka pampu ya hewa au geuza pampu kuelekea juu sasa hivi, kisha pima amonia.

*Maji ya kijani.* Ni mwani unaoelea. Taa ya UV huuondoa vizuri ikiwa maji yanapita polepole. Haisaidii kwa njano wala chokaa.

*Mwani umejaa mawe lakini fosfati inasoma 0.* Mwani unaila kabla hujaipima. Ung'oe kwa mkono, utoe nje ya tangi, kisha pima tena wiki inayofuata.

*Kamasi za kahawia zenye nyuzi na viputo, na nitrati na fosfati zote ni sifuri.* Huenda ni dinoflajelata, viumbe vidogo vya seli moja. Hapa kusafisha zaidi kunaongeza ugonjwa. Toa punje za fosfati, acha siki, punguza saa za taa ya mwani wa pembeni, sitisha kubadilisha maji kwa muda, na lisha zaidi mpaka nitrati ionekane kwenye kipimo, 5 hivi, na fosfati ifike 0.05. Nyonya kamasi kupitia mfuko mwembamba na urudishe maji. Konokono wakianza kulala chini bila kusogea, watoe, kwani baadhi ya viumbe hawa wana sumu.